Mafuta Yaliyolala Alimbongo

Dhambi ya Muyisa ilionekana saa tatu asubuhi, mchana kweupe. Shemasi mmoja wa kanisa lake alimkuta akitoka nyuma ya soko la Beu, mtaa wa Beni, na madumu mawili ya kanyanga, lita ishirini kila moja, ameyafunga kwenye baiskeli kwa mpira bila hata kuyafunika gunia. Mlevi wa kawaida huficha nusu chupa chini ya koti. Muyisa alikuwa na lita arobaini za pombe kali, na uso wa mtu anayepeleka maji nyumbani.

Jumamosi akaitwa mbele ya wazee wa kanisa. Pasta Éliakim, aliyewafungisha ndoa yeye na mkewe Kanyere, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Papa Joyeuse," akasema, akimwita kwa jina la bintiye, "lita makumi ine! Hata mu ndoa ya bakatolika haifikake pale."

"Pasta, miye hapana kunywa. Gari njo inakunywa."

Wazee wakatazamana. Muyisa akawaeleza taratibu, kama anayefundisha watoto. Lori lake, Benz 911 ya zamani, lilikuwa limesimama wiki ya saba sasa juu ya mawe. Huo ulikuwa mwaka wa tano wa vita, mpaka wa Kasindi umefungwa, na mazutu, yaani dizeli, haikupita hata ya kujaza kibatari. Lakini yeye alikuwa amepata kurasa mbili za kitabu cha Kifaransa, zilizofungia karanga sokoni, na kurasa hizo zilisema kwamba mazutu inaweza kupikwa. Unachukua mafuta ya mawese na mafuta ya ng'ombe, unayachuja. Unachukua pombe kali, unaichemsha tena na kuipitisha kwenye chokaa mpaka maji yote yatoke ndani yake. Unayeyusha soda ya sabuni ndani ya pombe hiyo, unachanganya vyote, unakoroga, unangoja. Kile kizito kinashuka chini. Kinachobaki juu ni mazutu.

Wazee walijadiliana saa nzima. Mwishowe waliamini kwamba Muyisa hakunywa hata tone, wakamwondoa kwenye Meza ya Bwana miezi mitatu. Kanuni ilikataza kununua kanyanga. Haikusema ya kunywewa na nani.

Nyumbani mzozo ulikuwa wa sufuria. Kanyere alikuwa fundi wa sabuni, na sabuni yake ndiyo iliyowalisha tangu lori lisimame. Sasa mume wake alikuwa amehamia uani kwake na kukalia vitu vyake vyote.

"Mawese ni yangu, soda ni yangu, sufuria ni yangu," alisema Kanyere. "Weye unaleta nini?"

"Akili."

Kanyere alicheka mpaka akashika ukuta.

Ukweli ni kwamba akili ile ilishindwa mara tatu. Wauza kanyanga wa Beu huongeza maji, kama wauza maziwa, na maji yakiingia humo mchanganyiko unakuwa sabuni. Mara zote tatu Kanyere aliikata vipande, akaipeleka sokoni, akaiuza yote bila kusema neno. Kutosema huko kulimuuma Muyisa kuliko matusi. Mara ya nne alichemsha kanyanga mwenyewe, mara mbili, na kile kizito kikashuka chini, na juu kikabaki kitu cha manjano, chepesi, kinachopitisha mwanga. Alikishika kwenye chupa mbele ya jua.

Kanyere alikitazama pia, akatia kidole, akasugua.

"Papa Joyeuse, hii mawese ya Beni, tukipelekaka ku Butembo, inalala. Asubuhi banunuzi banaichota na kijiko. Mbele kule ku Lubero, ni kisu. Na weye umeongeza mafuta ya ngombe juu yake."

"Ile ni mawese. Hii hapana mawese tena. Imebadilika, Mama Joyeuse. Ni chimie."

"Imebadilika jina."

Muyisa akaziba chupa, maana mtu wa sayansi hajibizani na muuza sabuni. Ni kweli kwamba chini kabisa ya ukurasa wa pili paliandikwa kwa Kifaransa, *Angalia sana! Wakati wa baridi...* na ukurasa wa tatu ulikuwa umefungia karanga za mtu mwingine. Lakini Muyisa alijua baridi ni nini. Baridi ni theluji, ni Ulaya, ni Wazungu wenye kofia za manyoya. Beni watu wanalala madirisha wazi.

Jumatatu lori likawaka. Kanyere mwenyewe alipiga vigelegele, kwa maana lori lile ndilo lililolipa shule ya binti yao Joyeuse na mabati ya juu ya vichwa vyao, na mtu hawezi kununia mabati yake.

Shida ilikuwa moshi. Moshi wa lori ulinuka mandazi. Si kama mandazi. Mandazi kabisa, yale ya saa kumi na mbili asubuhi, yanapogeuzwa kwenye karai. Katika mji ambao unga ulikuwa umepanda bei mara tatu, harufu ile ilikuwa uchokozi. Watoto walilikimbilia lori kutoka barabara hadi barabara. Akina mama walitoka milangoni kuuliza ni nani aliyejaliwa. Na kwa kuwa injini zilizokuwa zikilia Beni siku hizo zilikuwa za askari peke yao, habari haikuhitaji mbeba habari.

Saa sita Kapteni Apollinaire wa kambi ya mji alikuwa mlangoni na askari watatu. Alikuwa mtu wa adabu. Aliomba kiti, kisha maji, kisha akamsifu Kanyere kwa usafi wa ua.

"Papa," akamwambia Muyisa, "weye ni patriote."

Muyisa aliijua bei ya neno hilo.

"Tunapanda ku front, kule Alimbongo. Mazutu ya armée inatosha camion mbili: ya dereva Paulin na ingine moja. Ya tatu ni yako, na itakunywa hii dawa yako. Utabeba na fûts mbili, mapipa ya kujaa, juu. Na weye njo chauffeur."

"Capitaine, hii gari njo shamba yetu. Tukiipoteza, tumekwisha."

"Nani anasema kupoteza? Carte rose iko wapi?"

Kanyere akaileta, kadi ya umiliki wa lori, imefungwa nailoni, kutoka ndani ya Biblia ilikokaa kati ya Ayubu na Zaburi. Kapteni akaisoma upande mmoja, akaisoma upande wa pili, akaitia kwenye mfuko wa kifua na kufunga kifungo. Aliwaachia karatasi yenye muhuri iliyosema kwamba Serikali italipa baada ya ushindi. Haikusema serikali ipi, wala ushindi wa nani.

"Likambo te, mama, hakuna shida," askari mmoja akasema akitoka, na miche miwili ya sabuni mkononi.

Walipoondoka Kanyere aliketi juu ya sufuria iliyopinduliwa.

"Gari ikibakia kule, tutakula nini?" akauliza. Kisha akaongeza: "Na weye ukibakia kule?"

Muyisa aliona mpangilio wa maswali hayo, lakini haikuwa siku ya kugombana.

Waliondoka alfajiri na kupanda siku nzima, Butembo, Lubero, matope juu ya matope, na injini haikuzimwa hata mara moja. Kapteni alikaa mbele karibu na Muyisa, sehemu yenye joto, askari ishirini wakiwa nyuma juu ya mapipa. Njia nzima alimwita "Ingénieur." Muyisa alijitahidi asifurahi, akashindwa. Jioni walifika Alimbongo, ambako ukungu unashuka barabarani na watu wanaongea wakiwa wamejifunika blanketi. Amri ikatoka: kulala hapo, asubuhi mapema kushuka kwenye mapigano.

Asubuhi lori la Paulin likakohoa, likawaka, likatoa moshi mweusi wa mazutu halisi ya Kasindi. La pili nalo likawaka. La Muyisa lilizunguka, likazunguka, likanyamaza.

Alifungua chujio. Limejaa kitu cheupe. Akapanda nyuma akafungua pipa moja. Ndani mazutu yake ilikuwa imetulia, nyeupe, ngumu, kama mafuta juu ya supu iliyolala. Kapteni alikuja, akatia kidole, akakitoa. Shimo la kidole likabaki pale pale, likiwatazama wote.

"Sabotage," akasema Kapteni.

Alipiga mkono kwa madereva wengine wawili. "Mutangulie! Tutabafuata, nikimaliza na huyu."

Paulin alimtazama Muyisa kupitia dirishani, macho ya mtu anayeaga maiti, akaenda. Muyisa alipigishwa magoti kwenye tope, mikono kichwani.

"Nani amekulipa?"

"Hakuna mutu, Capitaine."

"Saboteur ni risasi. Hapana miye nasema, ni règlement, ni sheria ya armée."

"Capitaine, miye hapana saboteur." Alikuwa na miaka arobaini na sita, na jana tu alikuwa injinia. "Miye ni mujinga."

"Nani anashuhudia?"

"Bibi yangu. Aliniambia mbele."

"Alikuambia nini? Sema kwa nguvu, askari basikie."

"Aliniambia ile ni mawese tu. Imebadilika jina."

Askari wakacheka, mmoja mpaka akaiegemea bunduki. Muyisa alisikia uso unawaka moto katika baridi ile, na akawaza kwamba atakufa baada ya kukubali mbele ya watu ishirini kwamba Kanyere alikuwa amesema kweli, na Kanyere hatajua kamwe.

"Bibi yako iko Beni," akasema Kapteni. "Mushahidi wa Beni haifae hapa."

Hapo ndipo alipoingia bibi mmoja mzee aliyekuwa akiuza viazi vya kuchemsha kando ya barabara, jina lake Agar. Alikuwa ametazama kila kitu tangu mwanzo, kwa sababu walikuwa wamesimama mbele ya biashara yake. Mkononi alishika kopo la mafuta yake ya kupikia.

"Mutoto yangu," akamwambia Kapteni, "hii mawese inatoka kwenu kule chini iko maji. Ikifika hapa kwetu, asubuhi tunakata na kisu. Kila siku, tangu niolewe. Angalia."

Akaligeuza kopo juu chini, juu kabisa ya buti la Kapteni. Hakikuanguka kitu. Kapteni aliondoa mguu hata hivyo.

"Huyu papa hapana mubaya," akaendelea Agar. "Ni mutu wa joto tu. Mutie makaa chini ya tanki, jua itatoka, itaamka yenyewe. Lakini makaa yangu ni ya kulipa."

Kapteni alitoa kalamu na kitabu chake cha karatasi za muhuri. Agar akakiangalia, akarudi kuketi juu ya gunia lake la makaa. Basi Kapteni akalipa pesa taslimu, jambo ambalo hakuna mtu wa Beni aliyewahi kuliona, na Muyisa aliruhusiwa kusimama ili kulala chini ya lori na koleo la makaa.

Saa nne jua likapasua ukungu. Saa nne na nusu ikasikika milio ya bunduki upande wa kusini, ya kwanza mbali, ya pili si mbali. Kisha wakaja watu barabarani wakikimbia, wengi bila bunduki, wengine bila viatu. Malori mawili yaliyotangulia yalikuwa yameangukia mkononi mwa adui kilometa tisa mbele, kwenye kona.

Lori la Muyisa likawaka kwa ufunguo wa kwanza. Kapteni alikuwa ameshakaa ndani.

Waligeuza, wakapakia majeruhi waliowezekana, wakarudi walikotoka. Moshi ukanuka mandazi milima yote. Nyuma kulikuwa na kijana mmoja aliyefungwa paja kwa shati, na kila mara alikuwa anauliza mandazi yako wapi, kwa nini hawapewi. Aliuliza mpaka karibu na Lubero, kisha hakuuliza tena. Muyisa alimsikia kwa dirisha la nyuma, na siku hiyo aliichukia harufu ya mazutu yake.

Paulin alifika Beni kwa mguu siku ya tisa, bila lori. Dereva wa lori la pili hakufika.

Redio ya mji ilitangaza kwamba Kapteni Apollinaire, kwa uamuzi wa haraka, alikuwa amelinda mgongo wa jeshi pale Alimbongo, na kwamba kuanzia siku hiyo aitwe Commandant. Lori liliwekwa kwenye ua wa kambi, "kwa enquête," yaani uchunguzi. Carte rose ilibaki kwenye mfuko wa kifua, mfuko mpya, wa shati jipya.

Kila asubuhi Muyisa alikwenda kukaa kwenye benchi la kambi. Siku ya kwanza waliambiwa warudi kesho, yeye na wengine walionyang'anywa mbuzi, baiskeli na mabati yao. Siku ya pili alipewa ufagio. Siku ya tano askari waligundua kwamba anajua injini, akatengeneza jenereta ya Commandant, akaambiwa arudi kesho. Kupitia dirishani aliliona lori lake. Kuku walikuwa wanalala chini yake. Nyumbani Joyeuse alikuwa amerudishwa kutoka shuleni kwa ajili ya ada, na sasa alikata sabuni na mama yake.

Lakini mchana Muyisa alikuwa mtu mwingine. Alimwuliza Kanyere maswali, na akasikiliza majibu, na hilo lilikuwa jambo jipya katika nyumba ile. Kanyere akamwambia kwamba wauza mafuta wa Butembo huacha mawese yalale kwanza, kisha huchuja, na kile kinachobaki maji hakilali tena haraka. Muyisa akayalaza mafuta kwenye shimo lenye maji ya mto, akachuja, akayalaza tena, akachuja. Mafuta ya ng'ombe akayaacha kabisa. Akaongeza mafuta ya taa kidogo. Halafu alihitaji baridi ya kupimia, na Beni nzima baridi ilikuwa mahali pamoja: ndani ya frigo ya baa moja ya Beu.

Aliiacha chupa humo tangu asubuhi mpaka jioni. Shemasi yule yule alimwona akitoka baa na chupa, akiishika kifuani kama mtoto mchanga. Miezi mitatu ikawa sita.

Muyisa hakujali. Aliifikisha chupa mbele ya Kanyere, baridi mpaka inatoa jasho, na ndani mazutu ilikuwa inacheza, nyepesi, safi. Kanyere akaigeuza juu chini, akaigeuza tena.

"Hii hapana kulala," akasema.

Muyisa aligeuka akaangalia ukuta. Katika miaka ishirini ya ndoa hakuwahi kusifiwa hivyo, na machozi yalikuwa karibu.

Jumapili, watu wote wakiwa kanisani na Muyisa akiwa nyumbani kwa adhabu yake, na Kanyere amebaki naye kwa hasira ya kumtetea, Commandant Apollinaire alibisha mlango. Alikuja peke yake. Alivua kofia, na safari hii hakuomba kiti mpaka alipopewa.

"Papa Muyisa," akasema, "inaonekana tunapanda tena ku front. Siku ya ine."

"Ndiyo, Commandant."

"Nitahitaji fûts mbili."

Uso wa Muyisa ukang'aa. Akanyoosha mkono kwenye dirisha ilikokaa chupa. "Commandant, umekuya saa ya muzuri. Nimeitengeneza sasa. Hii hata ukiweka mu barafu, haita..."

Kanyere alimkanyaga. Hakumgusa tu, alimkanyaga mguu.

"Muache Commandant amalize," akasema.

Commandant aliangalia mlango, akaangalia kofia yake. "Nataka ile ile," akasema kwa sauti ya chini. "Ya mara ya kwanza. Hapana kubadilisha kitu."

Nje kuku alikuwa anaparua. Muyisa alishika chupa, akaiangalia, akamwangalia mtu yule aliyemwita saboteur na kumpigisha magoti, na akaelewa kwamba mtu yule alikuwa na hofu ya kufika vitani, kama yeye.

"Ile inayo..." akaanza.

"Ile ile, Papa."

"Commandant," akasema Kanyere kwa sauti yake ya sokoni, "tunaweza kuongeza mafuta ya ngombe. Italala hata hapa Beni, ukipenda."

"Hapana, mama! Hapa batu banaona."

"Ku Butembo?"

"Ku Butembo kuko bakubwa. Alimbongo inatosha."

"Itatumiwa na camion gani?" Kanyere akauliza.

"Ya armée. Hii ya kwenu iko nje, chauffeur wangu ameileta." Akafungua kifungo cha mfuko wa kifua, akatoa carte rose, bado imefungwa nailoni ile ile, lakini hakuiachilia. Ilibaki hewani kati yao, na wote wawili walikuwa wanamtazama Muyisa.

Angeweza kusema. Koo lake lilikuwa limejaa maneno: shimo la maji, kuchuja mara mbili, frigo. Alikuwa mtu pekee kutoka Kasindi hadi Lubero aliyejua kupika mazutu isiyolala, na hakuna mtu aliyeihitaji.

"Italala, Commandant," akasema. "Kama jiwe."

"Wasingya," akajibu Commandant, ambaye hakuwa Munande na neno hilo la asante alilijifunza siku hiyo hiyo, bila shaka. Akaachilia carte rose, akavaa kofia, akatoka kwa mguu.

Kanyere aliirudisha kati ya Ayubu na Zaburi. Muyisa alibaki amesimama na chupa yake.

"Na hii ya muzuri, Mama Joyeuse, nitauzia nani?"

Kanyere alifikiri. Alimhurumia kweli, na hakuficha.

"Uichunge," akasema. "Vita ikikwisha, batu bataanza tena kupenda kufika."

Muyisa aliifunga chupa kwa kizibo, akaisukuma nyuma ya mifuko ya soda. Kisha akachukua ndoo na kwenda machinjioni kutafuta mafuta ya ng'ombe.